Deni la Kicheko: Raha ya Msomaji katika Act Your Age, Eve Brown ya Talia Hibbert

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, dhana ya taharuki imetwishwa mzigo mkubwa. Mwanafunzi anayeulizwa kwa nini msomaji hakiweki chini kitabu fulani hujibu, karibu bila kufikiri, kwamba ni kwa sababu ya taharuki: msomaji hajui litakalotokea, na kutojua huko ndiko kunakomvuta kutoka ukurasa hadi ukurasa. Jibu hilo linaifaa riwaya ya upelelezi. Mbele ya riwaya ya mapenzi ya kisasa linashindwa, kwa kuwa msomaji wa riwaya hiyo anaujua mwisho kabla hajalipia kitabu. Anajua kwamba wawili wanaogongana katika sura za mwanzo watapendana, watatengana kwa muda, kisha watarudiana. Utanzu wenyewe umemwahidi hivyo. Romance Writers of America, chama cha waandishi wa riwaya hizi nchini Marekani, huutambua utanzu kwa vigezo viwili tu: kisa cha mapenzi kiwe ndicho kiini cha riwaya, na mwisho uwe wa kuridhisha moyo na wenye matumaini. Kitabu kinachokiuka kigezo cha pili huenda kikawa riwaya bora kuhusu mapenzi, lakini msomaji aliyeahidiwa kingine ataona amedhulumiwa.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Ikiwa mwisho unajulikana, raha inatoka wapi? Swali hilo huwa gumu zaidi pale riwaya inapokuwa ya tatu katika mfululizo, ambapo msomaji ameshaupitia mwisho wa namna hiyo mara mbili, tena kwa mkono wa mwandishi yuleyule na ndani ya familia ileile. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuisoma Act Your Age, Eve Brown (2021), riwaya inayofunga mfululizo wa ndugu watatu wa familia ya Brown ulioandikwa na Talia Hibbert wa Uingereza. Zilizotangulia ni Get a Life, Chloe Brown (2019) na Take a Hint, Dani Brown (2020). Hoja inayotetewa ni kwamba raha ya kitabu hiki cha tatu haielezeki kwa kurudiwa kwa fomula. Inatokana na deni ambalo msomaji mwenyewe alilikopa katika vitabu viwili vya kwanza, alipokuwa akimcheka Eve.

Msomaji anayeujua mwisho

Wahakiki wengi wameitazama raha ya msomaji wa mapenzi kama dalili ya ugonjwa. Ama msomaji hana elimu ya kutosha, ama amechoshwa na maisha, ama amelaghaiwa na wachapishaji. Historia ya biashara ya vitabu hivi imeipa shutuma ya mwisho nguvu fulani. Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, na Harlequin, iliyoanzishwa Winnipeg mwaka 1949 na kuinunua Mills & Boon mwaka 1971, zilijifunza kuuza vitabu vya mapenzi jinsi bidhaa nyingine za dukani zinavyouzwa: jalada linalotambulika, urefu usiobadilika, toleo jipya kila mwezi. Vitabu hivyo vilifika pia Afrika Mashariki na kupita mkono kwa mkono katika mabweni ya shule, mara nyingi chini ya godoro. Aliyevisoma kwa kujificha alijifunza mapema kwamba raha yake ni jambo la kuonewa haya.

Janice Radway, katika Reading the Romance (1984), alifanya jambo ambalo wenzake wengi hawakuona haja ya kulifanya: aliwauliza wasomaji. Aliwahoji wanawake wa mji mmoja wa Marekani aliouficha kwa jina la Smithton, nao wakamweleza kwamba kitendo chenyewe cha kusoma kilikuwa na maana kwao kabla ya yale waliyoyasoma. Mwanamke aliyefungua kitabu alikuwa akitangaza, kwa muda wa saa moja au mbili, kwamba hapatikani kwa mume wala kwa watoto. Baadhi yao walisoma kurasa za mwisho kwanza, ili wahakikishe kwamba fedha zao na jioni yao havitapotea kwa kisa cha huzuni. Radway hakuishia kuwasifu. Aliona kwamba usomaji huo ulikuwa malalamiko madogo dhidi ya maisha ya nyumbani, na wakati huohuo ulikuwa njia ya kuyavumilia maisha hayo bila kuyabadili. Ukali huo una haki yake. Hata hivyo, mwanamke anayeanzia mwishoni anastahili kutazamwa tena, maana anachokifanya kinafahamika vizuri na yeyote aliyewahi kumsimulia mtoto hadithi. Mtoto anayeitikia "Pakawa!" anajua kwamba sungura atamshinda fisi. Ameisikia hadithi hiyo mara kumi, na bibi akiruka kipengele kimoja, atamrudisha nyuma akisimulie. Hakai pale kungoja habari. Anangoja namna ya kusimuliwa, na anangoja mahali fulani ambapo moyo wake hupiga kila mara ijapokuwa anajua kinachokuja.

Hibbert anamjua msomaji huyu kiasi cha kumwingiza ndani ya kitabu. Katika Take a Hint, Dani Brown, Zafir Ansari, mlinzi wa jengo la chuo kikuu na mchezaji raga wa zamani, ni msomaji sugu wa riwaya za mapenzi. Alimpoteza baba na kaka yake, na baada ya msiba huo akaingia katika kipindi cha giza. Kwa mtu aliyeona kwamba lolote laweza kuondoka wakati wowote, kitabu kinachoapa tangu mwanzo kwamba hakitaishia msibani ni mahali anapoweza kuhatarisha hisia zake bila kuangamia. Mahaba ya kitabuni hayamfanyi Zafir aote mapenzi yasiyowezekana. Yanampa mazoezi ya kutumaini. Hilo ndilo jibu zuri kuliko yote ambalo riwaya ya mapenzi imewahi kuwapa wanaoibeza, na uzuri wake unaongezeka kwa kuwa limewekwa kinywani mwa mwanamume mwenye mabega mapana ambaye hakuna angemshuku.

Kuhusu taharuki yenyewe, haijatoweka, imehama. Hibbert anasimulia kwa nafsi ya tatu akipokezana mitazamo: sura moja imekaa karibu na mawazo ya mwanamke, nyingine karibu na mawazo ya mwanamume. Matokeo yake ni kwamba msomaji anajua yaliyomo katika mioyo miwili, huku kila mhusika akiujua mmoja tu, na huo nao si sana. Msomaji haulizi tena ni nini kitatokea. Anauliza ni lini huyu atakiona kile ambacho msomaji amekiona tangu kurasa arobaini zilizopita. Kuna utamu wa pekee katika kungoja kwa namna hiyo. Ni kungoja kwa anayejua, kama mzazi anayemtazama mtoto akijifunza kufunga kamba za viatu na kujizuia asimsaidie.

Ndugu watatu

Mfululizo wa riwaya si jambo geni kwa msomaji wa Kiswahili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia katika riwaya kwa Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na kuendelea katika Kisima cha Giningi (1968) na nyinginezo, aliwazoesha wasomaji kumfuata mhusika mmoja kutoka kitabu hadi kitabu. Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), alifanya vivyo hivyo kwa kasi na bunduki zaidi. Lakini mpelelezi anaweza kufumbua fumbo la pili na la kumi bila kubadilika; kiko chake na akili yake vinarudi vilevile, na msomaji anafurahi kuvikuta. Shujaa wa mapenzi hana nafasi hiyo. Akishampata mwenzake kwa haki, mwandishi hawezi kumwachisha ili ampendanishe upya bila kukivunja kiapo cha kitabu cha kwanza. Kwa hiyo mfululizo wa mapenzi hulazimika kupiga hatua pembeni: kutoka kwa dada hadi dada, kutoka kwa rafiki hadi rafiki. Mhusika mkuu wa leo alikuwa mhusika mdogo wa jana.

Athari ya kiufundi ya hatua hiyo ni kubwa, na wahakiki wa riwaya pendwa hawajaizingatia inavyostahili. Kila dada katika mfululizo wa Hibbert anaonekana kwa namna mbili: kwanza kwa nje, kwa macho ya ndugu zake, kisha kwa ndani. Chloe, kifunguamimba, ana maradhi ya maumivu sugu ya mwili na hutengeneza tovuti. Baada ya kunusurika kugongwa na gari, anaandika orodha ya mambo ya kumfanya aishi maisha ya kweli, anahama nyumba ya wazazi na kumkuta Red Morgan, mchoraji anayesimamia jengo alilohamia. Danika, wa kati, ni msomi asiyetaka mapenzi, na anaingia na Zafir katika uchumba wa kuigiza baada ya video yao kusambaa mtandaoni. Eve ni kitindamimba. Katika vitabu hivyo viwili yeye ni wa kupita: anaingia, anaropoka, anachekesha, anatoka. Ni kama kachumbari pembeni ya sahani.

Majina ya vitabu yanaongeza jambo. Yote matatu yameandikwa kwa hali ya kuamuru, na yote ni maneno ya karipio ambayo mtu wa Uingereza humrushia mwenzake aliyemchosha: la kwanza linamwamuru mtu atafute maisha, la pili linamwamuru aelewe anapodokezwa, na la tatu, kwa Kiswahili cha kawaida, ni "acha utoto". Jalada linaanza kwa kumsuta mhusika mkuu. Vitabu viwili vya kwanza vinaigeuza suto kuwa utani, kwa sababu Chloe anajisuta mwenyewe na Danika hana muda wa kusikiliza suto la mtu. Cha tatu hakiwezi kufanya hivyo. "Acha utoto" ndilo neno ambalo Eve ameambiwa maisha yake yote na watu wanaompenda.

Deni la kicheko

Riwaya inaanza Eve akiwa na umri wa miaka 26, ametoka kuiharibu kazi yake ya kuandaa harusi. Ameshaanza masomo na kazi nyingi na kuziacha. Wazazi wake, watu wenye uwezo na wasio wakatili, wanamwambia kwamba hawatamgharimia tena mpaka athibitishe kwamba anaweza kudumu katika kazi moja. Eve anaondoka kwa gari bila mpango, anafika Skybriar, mji mdogo katika eneo la maziwa la kaskazini mwa Uingereza, na kuona tangazo la kazi ya mpishi katika nyumba ya wageni iitwayo Castell Cottage. Mwenye nyumba hiyo, Jacob Wayne, ni mtu wa ratiba, wa mashuka yaliyonyooshwa na wa maneno machache makali. Anamhoji na kumkataa. Muda mfupi baadaye gari la Eve linamgonga Jacob na kumvunja kifundo cha mkono. Kwa hatia na kwa haja, Eve anabaki kumpikia wageni wake.

Msomaji wa mfululizo anacheka katika kurasa hizi zote, na anacheka kwa raha ya kukutana na mtu anayemfahamu. Huyu ndiye Eve yuleyule! Kicheko hicho hakina ubaya wakati kinapotolewa. Ila kinatolewa kutoka mahali fulani, na mahali hapo ni pale walipoketi dada na wazazi wa Eve. Vitabu viwili vimemzoesha msomaji kuketi hapo. Hans Robert Jauss aliita upeo wa matarajio jumla ya mazoea ambayo msomaji huja nayo mbele ya matini. Kwa kawaida upeo huo hujengwa na utanzu na vitabu vya watu wengine. Hapa mwandishi ameujenga mwenyewe, kwa mhusika mmoja, kwa muda wa miaka miwili, na msomaji hakujua kwamba kuna kitu kinajengwa.

Kisha mtazamo unahamia ndani ya Eve, na vichekesho vinaanza kuonyesha uzito vilioubeba. Yale mabadiliko ya kazi hayakuwa wepesi wa akili. Eve huondoka mahali kabla hajashindwa, kwa kuwa anakumbuka kushindwa kwa kila namna na kila mara mbele ya watu. Muziki anaousikiliza kutwa kwa sikio moja haukuwa upuuzi wa kijana. Unamtuliza na kumwezesha kuwasikiliza wengine. Maneno yanayomtoka bila mpangilio ni ya mtu ambaye hakuwahi kuwa na hakika kwamba ameelewa kanuni za mazungumzo, na aliyegundua mapema kwamba anayechekesha husamehewa. Jacob ana usonji, anajua hivyo, na anamwambia Eve bila kuifanya habari hiyo iwe siri wala msiba. Kadiri Eve anavyomfahamu, ndivyo anavyoyatambua maelezo hayo ndani yake mwenyewe. Hakuna tukio kubwa la uchunguzi wa daktari, wala mhusika mwenye hekima wa kuja kumfafanulia. Kuna mwanamke mmoja anayerudia kumbukumbu za shule na za nyumbani na kuziona zikijipanga upya.

Msomaji naye analazimika kuzirudia za kwake. Hapo ndipo kitabu cha tatu kinapodai deni. Riwaya inayosimama peke yake ingeweza kumweleza msomaji kwamba Eve alidharauliwa na watu wake, na msomaji angemhurumia kutoka upande salama. Mfululizo unaweza kufanya zaidi ya hapo, kwa sababu dharau hiyo ilikuwa ya msomaji pia. Hakuambiwa. Aliitenda, kwa kurasa mia kadhaa, akiwa na tabasamu. Fadhila ya Hibbert ni kwamba halipigii kelele jambo hili. Hamwaibishi msomaji, kama ambavyo Eve hawaaibishi dada zake. Wanaompenda walimkosea kwa kumwona mwepesi, nao waliendelea kumpenda. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja katika familia nyingi kuliko ambavyo riwaya dhati hupenda kukiri.

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Wepesi wa nathari ya Hibbert, mizaha yake isiyokoma, mazungumzo yanayokimbia, vyote vinaelea, na mhakiki mwenye haraka atasema havina kina. Lakini wepesi huo ndio chombo cha hoja yenyewe. Kitabu kuhusu mwanamke anayechukuliwa kuwa wa kuchekesha tu kingekuwa cha uongo kama kisingechekesha.

Ridhaa inayosemwa

Jambo jingine linalochangia raha ya msomaji haliwezi kupitwa kwa sababu ya staha. Riwaya za Hibbert zina mandhari za faragha zilizoandikwa waziwazi. Uhakiki wa Kiswahili umezoea kulitaja suala hili kwa neno moja la lawama, ukiikumbuka vita ya zamani juu ya vitabu vya vijana vya miaka ya sabini na themanini, kisha kuendelea. Katika riwaya hii mandhari hizo zinafanya kazi mahususi. Eve na Jacob wote wawili hupata taabu kusoma ishara: jicho lililotupwa, kimya kilichorefushwa, ndiyo inayomaanisha hapana. Katika mapenzi ya riwaya nyingi, na ya maisha, ishara hizo ndizo lugha rasmi, na asiyezijua hutengwa. Hibbert anawapa wahusika wake lugha nyingine. Wanaulizana. Wanajibu kwa maneno kamili. Mmoja akisema anapenda jambo fulani na hapendi lingine, mwenzake analipokea kama habari na kulitunza.

Katika riwaya nyingi za kisasa maswali hayo ya ridhaa yanasikika kama kibandiko cha usalama kilichobandikwa na mhariri. Hapa yanasikika kama utongozaji, kwa kuwa kwa watu hawa wawili hakuna kinachosisimua kama kuambiwa kitu waziwazi. Msomaji aliyechoshwa na wahusika ambao wangeokoa sura nane kwa kuulizana swali moja hupumua. Mahaba makubwa ya kitabu hiki ni kuaminiana kwamba lililosemwa ndilo lililokusudiwa.

Raha inapopungua

Ingekuwa si haki kuficha mahali ambapo kitabu kinateleza. Ajali ya gari, kwa mfano, inapita kirahisi mno. Mtu amegongwa, amevunjika kifundo cha mkono, na kichwa chake kimetikiswa, lakini ajali inabaki kuwa daraja la kumwingiza Eve jikoni. Adhabu ya wazazi nayo ni adhabu ya matajiri. Eve ananyimwa fedha, na ndani ya siku chache ana paa, chakula na mshahara. Msomaji ambaye mwenyewe amewahi kufukuzwa kazi akiwa na kodi ya nyumba shingoni ataona kwamba uzito wa kuanguka umepimwa kwa mizani ya watu wasiofika chini.

Jingine ni mtengano wa mwisho. Pamela Regis, katika A Natural History of the Romance Novel (2003), alitaja vipengele vinane vya lazima katika msuko wa mapenzi, kimojawapo kikiwa kifo cha kiishara: wakati ambapo muungano unaonekana umekufa kabisa. Hibbert anakitimiza kipengele hiki kwa kuamsha hofu ya Jacob ya kuachwa, hofu aliyoibeba tangu wazazi wake walipomwacha kwa Lucy, ndugu aliyemlea. Hofu ni ya kweli. Lakini mtu huyu ametumia kitabu kizima akisifiwa kwa kuuliza moja kwa moja, na katika saa hiyo moja hakuulizi anachopaswa kukiuliza. Msomaji mwenye hisani atasema kwamba hofu ya utotoni huizidi nguvu tabia yoyote nzuri ya ukubwani. Msomaji asiye na hisani ataona mkono wa mwandishi ukiangalia saa ya utanzu na kutambua kwamba asilimia themanini ya kurasa zimeshapita. Wote wawili wana hoja, na inawezekana kabisa kuwa wasomaji hao wawili ni mtu mmoja aliyekisoma kitabu hiki usiku mmoja.

Hata hapo, raha haivunjiki. Inabadilika tu ladha. Msomaji wa mapenzi ana uvumilivu wa mtu anayesikiliza taarabu kutoka kwa mwimbaji anayemjua. Anatambua beti lililo legevu, analipa nafasi lipite, na anarudi kwenye kiti chake pale kiitikio kinapoanza. Kiitikio hapa ni Jacob kukiri kosa, tena kwa namna inayolingana na kosa lenyewe, na Eve kutokubali kuombwa radhi kama mtoto anayebembelezwa. Anasimama kama mtu mwenye kazi yake, jiko lake na neno lake.

Limebaki jambo la kusoma tena. Riwaya ya upelelezi ikisharejelewa huwa imepoteza siri yake. Mfululizo wa Hibbert unapata siri baada ya kusomwa. Msomaji aliyemaliza kitabu cha tatu na kurudi kwenye Get a Life, Chloe Brown anakuta maneno yaleyale yaliyokuwepo mwaka 2019, hakuna lililoongezwa. Chloe bado anaumwa na bado ana orodha yake. Red bado anachora usiku. Kisha mlango unafunguliwa na mdogo wa mwisho anaingia akisema mambo yasiyo na kichwa wala miguu, na dada zake wanatazamana kama watazamanavyo siku zote. Msomaji alicheka hapo mara ya kwanza. Safari hii anasoma sentensi polepole, akisikiliza kama kuna muziki katika sikio lile jingine.